Jezi Kuukuu: Tumpe Nani, na Tufanye Nini na Zinazobaki

(Maneno ya mwanachama wetu anayeuza mitumba ya michezo, aliyozungumza siku ya sherehe ya miaka kumi ya kikundi. Tumeyaandika karibu kama yalivyosemwa.)



Miaka kumi siyo mchezo. Viko vikundi vilivyoanza pamoja nasi, vikavunjika kabla ya kugawana hisa za mwaka wa pili. Sisi sanduku letu bado lipo na kufuli zake tatu, na wenye funguo bado wanasalimiana. (Makofi.) Hayo wenzangu wamekwisha kuyaeleza vizuri, nami sitayarudia.

Mimi nimepewa mada ya nguo kuukuu za michezo. Najua wengine mlicheka mlipoiona kwenye ratiba. Chekeni tu, lakini hakuna nyumba hata moja katika mtaa huu isiyokuwa na jezi iliyochakaa, bukta ya mtoto iliyompwaya au kumbana, au truksuti ambayo zipu imekufa. Na mada hii haikutoka hewani. Mnajua kwamba tangu mwaka jana watu wema wametuletea magunia ya nguo hizi, wakisema kikundi kiyauze au kiyagawe kwa wenye shida. Magunia yamejaa kwenye stoo ya Katibu hadi kitanda cha wageni hakionekani. Kikao cha mwezi ujao ndicho kitakachoamua kama tuendelee kupokea au tukatae. Kamati iliniomba niseme ninachokijua, kwa kuwa kazi yangu ni kufungua mabelo na kuuza nguo za namna hii hii.

Basi tuanze na nguo yenyewe. Ninyi mama zangu wa makamo mnakumbuka tetroni, mnakumbuka na krimplini, lile gauni ambalo ulilifua jioni na asubuhi limekwisha kukauka, halihitaji pasi. Kitambaa kile ni poliesta. Kilibuniwa Uingereza mwaka 1941 na wanakemia wawili, John Rex Whinfield na James Tennant Dickson. Malighafi yake ni mafuta ya petroli, yale yale yanayochimbwa ardhini. Na ukitaka kumjua ndugu yake wa tumbo moja, itazame chupa ya maji ya kunywa. Plastiki ya chupa ile na uzi wa jezi ni kitu kimoja. Tofauti ni kwamba moja imepulizwa ikawa chupa, na nyingine imevutwa ikawa nyuzi nyembamba kama nywele. Leo zaidi ya nusu ya nyuzi zote za nguo zinazotengenezwa duniani ni poliesta. Pamba, hii ya Usukumani tunayoijua, iko nyuma sana. Hata khanga siku hizi ukinunua uiangalie, maana nyingine jina ni khanga lakini tumbo ni plastiki.

Silaumu wenye viwanda wala wanamichezo. Nguo hii ina sifa zake. Ukichukua kilo moja ya pamba kavu ukaiacha katika hewa ya kawaida, itavuta unyevu kama gramu 80. Kilo ya poliesta itavuta kama gramu 4 tu. Ndiyo sababu mkimbiaji anaipenda: jasho halikai kwenye nguo, nguo haimlemei, na akiianika inakauka upesi. Wachezaji wetu wa zamani waliocheza na jezi za pamba mvua ikinyesha wanaweza kuwasimulia jinsi jezi ilivyokuwa ikifika magotini.

Lakini sifa hiyo hiyo ndiyo inayotuletea tabu nguo inapozeeka. Fulana ya pamba ikichoka inakuwa dekio, inakuwa tambara la vyombo, inakuwa nepi, na mwisho ukiitupa shimoni inaoza. Jezi ya poliesta ukiifanya dekio, maji unayasukuma tu kutoka kona hii mpaka kona ile. Fundi wa gereji ukimpelekea anakurudishia, anataka pamba. Ukiifukia, mjukuu wako atakuja kuifukua akichimba msingi wa nyumba. Kwa hiyo akina mama wengi wamepata njia moja tu ya kuimaliza, na hii ndiyo niliyokuja kuisema hasa: wanaikatakata na kuwashia jiko.

Jamani, hebu tuzungumze hapo bila kufichana. Naona wengine mnatazama chini. (Kicheko.) Mkaa umelowa, mafuta ya taa hayapo, watoto wanataka uji waende shule. Kipande cha jezi kinawaka vizuri, kinadondosha matone ya moto, na mkaa unashika. Naelewa. Lakini yale matone ndiyo hatari yenyewe. Poliesta inayeyuka kwenye joto la nyuzi kama 260, na inapoyeyuka inakuwa kama lami. Tone likiangukia mguu wa mtoto aliyechuchumaa karibu na jiko, halipuliziki likazimika kama cheche ya karatasi. Linaganda kwenye ngozi na kuendelea kuunguza. Na moshi wake ni mweusi, wenye masizi na hewa ya sumu, na ile namba ya mgongoni au jina la mdhamini, ambalo mara nyingi ni plastiki ya aina nyingine, hutoa moshi mkali unaokereketa koo. Sasa fikiria jiko liko kibarazani, mtoto mchanga yuko mgongoni, na nyumba ya pili yuko mtu mwenye pumu.

Hatari nyingine ni ya kupikia ukiwa umeivaa. Sitaki kuwadanganya kwamba pamba haiungui. Pamba inashika moto, tena upesi. Lakini nguo ya poliesta inayobana mwili ikipata moto inayeyukia mwilini. Wasichana wetu wanaopika na taiti na jezi za kubana, waambieni wajifunge khanga ya pamba nzito, na wasiitumie jezi kuipua sufuria. Na ikitokea ajali, mtu aungue, kinachotakiwa ni maji ya bomba ya baridi ya kawaida yanayotiririka kwa dakika 20. Dakika ishirini nzima, siyo kumwagia kikombe kimoja. Nguo iliyogandia kwenye ngozi msiivute, mtaondoka na ngozi. Iacheni, mpelekeni mgonjwa zahanati. Na dawa ya meno ibaki kwenye meno, unga wa ngano ubaki jikoni, na mayai tuyale. (Kicheko na makofi.)

Mtaniuliza, tutaijuaje kama nguo ni poliesta au ni pamba? Njia ya kwanza ni lebo ile ndogo ubavuni au shingoni, kama haijakatwa. Njia ya pili tunayoitumia sisi wa mitumba ni uzi. Unachomoa uzi mmoja mdogo kwenye pindo, unaushika kwa koleo au kibanio, mkono mbali, juu ya sahani yenye mchanga, nje ya nyumba, unaugusisha moto wa kiberiti. Ukiungua kama karatasi, ukanuka karatasi, ukabaki majivu laini yanayopeperuka, hiyo ni pamba. Ukijikunja, ukayeyuka, ukabaki kipunje kigumu kama shanga nyeusi, hiyo ni poliesta au nailoni. Ukinuka nywele zilizoungua, ni sufu. Jaribio hili lifanywe na mtu mzima na kwa uzi mmoja, siyo kwa mkono mzima wa shati.

Sasa nije kwenye biashara, maana hapo ndipo nilipozeekea.

Wazazi wetu waliziita nguo hizi kafa ulaya, wakidhani mwenyewe amefariki ndiyo maana nguo zimeuzwa. Kwa miaka mingi ya nyuma mitumba haikuwa inaingia kwa uhuru nchini. Mwaka 1984 Serikali iliporuhusu watu kuagiza bidhaa kwa fedha zao wenyewe za kigeni, nguo za mitumba nazo zikaanza kuingia kwa wingi, na akina mama wengi wa rika langu tulisomesha watoto kwa kazi hiyo. Siwezi kuitukana kazi iliyonilisha.

Belo la kawaida lina kilo 45. Unalinunua limefungwa, hulioni ndani. Ukilifungua pale Karume au Manzese, wateja wako tayari wamekuzunguka. Zile nzuri, truksuti nzima, jezi ambayo haijavuliwa sana, zinaondoka ndani ya nusu saa kwa bei nzuri. Za kati unazitandaza, unaita wateja mpaka sauti inakauka. Za chini unazipiga mnada kwa fungu. Halafu linabaki fungu la mwisho, lenye madoa, zipu mbovu, taiti iliyolegea magotini, fulana ya mbio za hisani za mji ambao hakuna aliyewahi kuusikia. Fungu hilo nalo nimelinunua kwa kilo, bei ile ile ya nguo nzima. Hakuna anayenirudishia fedha. Na wala halina pa kwenda: linakwenda jalalani, na jalala likichukuliwa na gari linakwenda dampo la Pugu Kinyamwezi, na lisipochukuliwa linaingia mtaroni na kuteremka Mto Msimbazi.

Huko Nairobi wenzetu wa Gikomba, ambalo ni soko kubwa la mitumba lililo kando ya mto, wana tatizo hilo hilo. Kwa maneno mengine, mtu wa mwisho kuipokea nguo ndiye anayebaki na taka, na ndiye mwenye uwezo mdogo kuliko wote wa kuishughulikia.

Mnakumbuka nchi zetu zilijaribu kulitazama jambo hili. Machi 2016 wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kwamba mitumba iondolewe ifikapo mwaka 2019, ili viwanda vyetu vipumue. Rwanda ilipandisha ushuru kutoka senti 20 za dola kwa kilo hadi dola mbili na nusu. Mwaka 2017 wafanyabiashara wa mitumba wa Marekani wakalalamika kwa serikali yao, na Marekani ikatishia kuziondoa nchi zetu kwenye mpango wa AGOA wa kuuza bidhaa kule bila ushuru. Tanzania, Kenya na Uganda zikalegeza. Rwanda ikashikilia msimamo, na mwaka 2018 nguo zake zikanyimwa nafuu hiyo. Sikusema hayo ili tuanze siasa hapa. Nataka mwone kwamba gunia la nguo kuukuu ni jambo ambalo hata wakubwa wamelivutania.

Na sasa niwageukie wahisani wetu, ambao mko hapa na ninawaheshimu sana. Mmetusaidia mengi, na daftari letu la mfuko wa jamii linaonyesha. Lakini kwa heshima zote, katika magunia yale tuliyoletewa, mimi na wenzangu wawili tulikaa siku nzima tukichambua. Tulikuta jezi nzuri sana, nyingine za Simba na Yanga za msimu mmoja tu uliopita, maana kila msimu jezi inabadilika na ya zamani inaonekana aibu. Tulikuta fulana za klabu za jogingi. Tulikuta fulana za kampeni za uchaguzi za vyama vyote, kwa hiyo msiseme tunabagua. (Kicheko.) Na tulikuta vile vile nguo mbichi za jasho zilizofungwa kwenye mfuko mpaka zikaota ukungu, soksi moja moja, na nguo za ndani. Ndugu zangu, Shirika la Viwango, TBS, linakataza kuuza nguo za ndani za mitumba zinazotoka nje. Sasa tukizikataa za Ulaya, tutazipokeaje za mtaa wa pili? Anayepewa kitu kama hicho haoni msaada. Anaona amedharauliwa, na bado atasema asante, kwa sababu maskini hana namna nyingine ya kujibu.

Kwa hiyo ninavyoona mimi, wakati wa kuigawa jezi ni pale ambapo bado ina uhai. Mtoto amekua, mpe wa jirani leo, msimu huu, usiisubirishe kabatini miaka mitatu mpaka mpira wa kiunoni unakufa. Nyuzi za kuvutika zilizomo kwenye taiti na bukta za mazoezi zinakufa hata kwa kukaa tu, na joto la huku kwetu linazimaliza mapema. Ukitaka kujua kama bado ni nzima, ivute halafu uiachie. Ikirudi mahali pake, ni nzima. Ikibaki imelegea, au ukasikia nyuzi zinakatika ndani, huyo marehemu, usimpe mtu.

Kabla ya kutoa, ifue. Poliesta inashika mafuta ya mwili, ndiyo maana harufu ya kwapa inarudi hata baada ya kufua. Iloweke kwanza kwenye maji baridi yenye siki kidogo, halafu uifue kwa sabuni ukiwa umeigeuza ndani nje, uisuuze, uianike. Jiki usitie kwenye nguo ya kuvutika, inaua zile nyuzi. Pasi ya moto sana usipitishe juu ya namba. Na usiisugue kwa brashi ngumu kama unasugua sakafu, maana kila ukikwangua unang'oa vinyuzi vidogo visivyoonekana, navyo ni plastiki, vinakwenda na maji machafu. Shirika la kimataifa la uhifadhi, IUCN, mwaka 2017 lilikadiria kwamba katika plastiki inayoingia baharini ikiwa tayari ni chembe ndogo ndogo, asilimia 35 inatokana na kufua nguo za namna hii. Sisi ni watu wa pwani, samaki ndiyo mboga yetu.

Halafu uliza kwanza. Mwalimu wa michezo wa shule ya msingi anayeandaa watoto kwa ajili ya UMITASHUMTA hahitaji jezi thelathini za rangi thelathini. Anahitaji seti. Jezi saba za rangi moja kwa timu ya netiboli zina thamani kubwa kwake kuliko gunia zima la mchanganyiko. Tulipomuuliza mwalimu wa shule yetu hapa, alisema kitu ambacho sikukitarajia: jezi anazo za kuungaunga, asichonacho ni vile vitambaa vya kifuani vyenye herufi za nafasi za wachezaji, GS, GA, WA, C, WD, GD na GK. Wasichana wanaandika kwa chaki kwenye karatasi na kubandika kwa pini, jasho likitoka herufi inatoweka, na mwamuzi hajui nani haruhusiwi kuingia kwenye duara.

Basi mimi na fundi wetu wa cherehani tukajaribu. Unachukua jezi kubwa ya mwanaume iliyochanika mikono au yenye doa kwapani. Unakata mikono yote, unakata ubavu wa huku na huku, unabaki na kipande cha mbele na cha nyuma kilichoshikana mabegani. Unapinda kingo, unaweka kamba mbili kila upande, na kamba yenyewe unaikata kwenye ile mikono uliyoitoa. Herufi unakata kwenye jezi ya rangi nyingine na kushonea mbele na nyuma. Jezi ya Yanga ikavaa herufi nyekundu za Simba. (Kicheko, vigelegele.) Watani wa jadi wakapatana kifuani mwa mtoto. Seti moja ni jezi saba mbovu ambazo zingekwenda jikoni, na kwa kuwa kitambaa hakinyonyi maji wala hakiozi, vitakaa miaka. Hapo ule ubaya wake umegeuka uzuri.

Ziko kazi nyingine ambazo plastiki inazifaa. Zile jezi zenye vitundu vitundu, ukishona pindo la chini na kukata mikono unapata mfuko wa vitunguu au viazi, hewa inapita. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019, na bado tunahangaika na vifungashio, wakati mfuko umetundikwa kabatini. Vipande virefu vinasukwa kuwa zulia la mlangoni. Kufuta vumbi kwenye kabati na televisheni poliesta kavu inafaa kuliko pamba, maana vumbi linanasa. Vijana wa bodaboda wanavika kiti. Na watoto wa chandimu mnajua wenyewe, hawangoji semina: wanajaza matambara ndani ya soksi na kufunga kwa kamba, mpira huo. Vipande vidogo kabisa vinajaza mto, lakini mto wa namna hiyo usikae karibu na mshumaa au kibatari.

Mtu ataniuliza, kwa nini tusipeleke kiwandani zikayeyushwe zikawa nguo mpya? Swali zuri, na ningependa jibu liwe rahisi. Vijana wanaookota chupa wanalipwa kwa kilo kwa sababu chupa ni plastiki moja, safi, inayoonekana. Jezi ni poliesta, imechanganywa na nyuzi za kuvutika, imetiwa rangi, ina zipu, ina namba ya plastiki nyingine, ina uzi wa kushonea wa aina yake. Kuzitenganisha ni kazi kubwa kuliko kutengeneza mpya. Taasisi ya Ellen MacArthur ilikadiria mwaka 2017 kwamba duniani kote chini ya asilimia 1 ya malighafi ya nguo ndiyo inayorudi kuwa nguo mpya. Na hata ile jezi inayouzwa kwa maneno kwamba imetokana na plastiki iliyotumika, mara nyingi imetokana na chupa, siyo na jezi nyingine. Kwa hiyo mtu akija hapa kutuambia tukusanye tani za jezi kuna kiwanda kitanunua, mwambieni alete mkataba na atuonyeshe kiwanda, kwanza.

Ndugu Mwenyekiti, naona unaitazama saa. Namalizia na mapendekezo ambayo naomba yaingie kwenye kumbukumbu.

Wapo wanachama wanaotaka kikundi kikope kutoka kwenye mfuko wetu na kununua mabelo ya nguo za michezo. Mimi ninayeuza mabelo nasema hapana. Mwanachama mmoja mmoja akope afanye, ni haki yake, na akitaka nitamfundisha. Lakini kikundi kikinunua belo, fungu la mwisho litakuwa mali ya sisi sote, na mwisho wake naujua. Fedha ya hisa za mama muuza maandazi isiende kununua taka bila kujua.

Kuhusu misaada, tuendelee kupokea, ila kwa masharti. Nguo iwe imefuliwa na kukauka. Nguo za ndani na soksi hapana. Gunia lifunguliwe mbele ya aliyelileta, na kile kisichofaa aondoke nacho siku ile ile. Najua hili litawaudhi wengine, na najua kwetu ni vigumu kumrudishia mgeni alichokuja nacho mkononi. Lakini tukiona haya sisi, atakayeumia ni mtoto aliyekaa karibu na jiko.

Zilizoko stoo kwa Katibu, tumekwisha kuzichambua mafungu matatu. Seti mbili kamili za jezi ziko tayari kwa ajili ya shule. Nzima zisizolingana tutaziuza hapa uani Jumamosi, bei ya chini, fedha iingie mfuko wa jamii. Zilizoharibika zinatosha vitambaa vya netiboli vya timu nne, na mwalimu anavihitaji kabla shule hazijafungwa. Kwa hiyo Jumamosi hiyo hiyo, saa tatu asubuhi, mwenye cherehani aje na cherehani, asiye nayo aje na mkasi na sindano. Uzi upo. Chai ipo, na Mweka Hazina ameahidi vitumbua, nimemsikia kwa masikio yangu. (Kicheko, makofi.)